Mzee Wino na Pua za Ng'ombe

Baba yangu alifanya kazi miaka thelathini na moja katika chumba kimoja, kwenye meza moja, akitazama vidole vya watu. Alikuwa karani wa alama za vidole. Wezi wa mji mzima walipita mikononi mwake, na hakuna hata mmoja ambaye angemtambua kwa sura. Angekutana nao njiani angewapisha kwa heshima zote. Lakini ungemwekea alama ya kidole gumba mezani, angekwambia ni cha nani, na kama mwenyewe alikuwa na haraka siku alipokigandamiza.

Alipostaafu, mama yetu akiwa ametangulia mwaka mmoja kabla, alikuja kuishi kwangu. Alishuka kwenye gari na sanduku la nguo, redio, na kasha la bati ambalo hakutaka mtu amsaidie kulibeba.

"Ng'ombe akivunjika mguu hukimbilia zizini," akaniambia mlangoni.

"Karibu, Baba," nikamjibu, "ila zizini kwangu kila ng'ombe ana kazi."

Mimi nilikuwa natania. Yeye alilichukua kama agizo.

Nafuga ng'ombe wa maziwa. Nina banda la sakafu ya saruji nyuma ya nyumba, ng'ombe sita, na nakamua mara mbili kwa siku, alfajiri na saa tisa alasiri, kisha napeleka maziwa kituo cha ushirika kilicho mwisho wa barabara yetu. Mume wangu ni fundi bomba. Ng'ombe anawapenda kwa mbali, kwa sababu, anasema, bomba likikosea linakulowesha tu, halikupigi teke.

Miezi ya kwanza Baba alitutoa jasho. Alizipanga ndoo zangu kwa ukubwa. Aliandika tarehe kwenye kila gunia la pumba. Siku moja mume wangu alichelewa kurudi, akamkuta Baba kakaa barazani na daftari mapajani: "Mwanangu, hebu nieleze, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili ulikuwa wapi?" Hakuwa na ubaya wowote. Ni mazoea ya kazi, na kazi ilikuwa imemwisha mikononi.

Aliyetuokoa, au tuseme aliyetumaliza kabisa, ni daktari wa mifugo. Huyu ni binti mchangamfu, mwepesi wa kucheka, anayevaa mabuti ya mpira yaliyomzidi miguu. Siku hiyo alikuja kuchanja. Akiwa amemshika ng'ombe mdomo, akamwambia Baba, kama mtu anayepiga soga tu:

"Mzee, unajua kwamba pua ya ng'ombe ni kama kidole cha binadamu? Tazama hivi vijimfereji. Hakuna ng'ombe wawili wanaofanana, na tangu anazaliwa mpaka anakufa havibadiliki."

"Hata mapacha?" Baba akauliza.

"Hata mapacha."

Baba akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena, akainama kutazama pua ile karibu mpaka wakagusana. Chai niliyokuwa nimemwekea ilipoa mpaka ikaota utando.

Kesho yake kasha la bati likafunguliwa. Ndani mlikuwa na chupa ya wino mweusi, kipande cha kioo, kigurudumu cha mpira cha kutandazia wino, lenzi ya kukuzia, na kadi nyeupe ngumu, pakiti kwa pakiti. Akaanza na Shangazi, ng'ombe wangu mkubwa kuliko wote, tuliyemwita hivyo kwa sababu husukuma wenzake wote horini na hakuna anayethubutu kumjibu. Baba alipaka wino kama anavyopaka kidole cha mtu, mzito. Kabla hajaifikisha kadi, Shangazi akatoa ulimi mrefu, akajilamba pua nzima, kushoto na kulia, akapiga chafya. Baba akabaki na madoadoa usoni. Shangazi akabaki na ulimi mweusi kama lami.

Sasa, ng'ambo ya barabara anaishi jirani yetu, mwalimu mstaafu wa hesabu, mjane, ambaye watoto wake wana miji yao mbali. Mtaa mzima unamwita Mwalimu. Ukimwomba chumvi anakuuliza vijiko vingapi. Asubuhi hiyo alikuwa anapita kwenye ua wetu, akamwona Shangazi akinyoosha ulimi, na kilichofuata kilisikika mpaka kituo cha maziwa.

"Ulimi mweusi! Jamani, ng'ombe ana ulimi mweusi! Msimsogelee!"

Daktari alifika kwa pikipiki, glovu mkononi, uso umemsawajika. Akafungua mdomo wa Shangazi, akaupangusa ulimi kwa pamba, akainusa ile pamba. Akainusa tena.

"Huu ugonjwa," akasema, "unanukia kama ofisi."

Kisha akamwona Baba amesimama pembeni na kigurudumu chake, uso una madoa, akacheka mpaka akakalia gunia la pumba. Toka siku hiyo Baba hakuitwa tena jina lingine ila Mzee Wino.

Mwalimu angeweza kununa kwa kufanywa kichekesho, lakini hakuwa mtu wa namna hiyo. Alitaka kujua linafanyikaje. Baba, ambaye kwa mara ya kwanza tangu aje alikuwa amepata mwanafunzi, akavuka barabara na kasha lake. Mwalimu alikuwa na ndama jike wa miezi minne, kahawia mtupu bila doa, macho yamezungukwa na weusi kama aliyepakwa wanja. Alimpa jina la Hesabu. Mimi nilikuwa na wangu wa umri uleule, Tausi, wa mbegu ya fahali yuleyule, naye kahawia mtupu vilevile. Ukiwasimamisha pamoja ungedhani umeshikwa na kizunguzungu.

Safari hii Baba alikuwa amejifunza. Alikausha pua kwa kitambaa kwanza, maana pua ya ng'ombe haiishi jasho. Akapaka wino mwembamba. Akaigandamiza kadi kuanzia mdomoni kwenda juu, haraka, na kuitoa. Ikatoka safi: vijimfereji na vinundu, kama kokoto za njia baada ya mvua kubwa.

Mwalimu akaishika kadi kwenye mwanga. "Hii ni ramani," akasema.

"Ni zaidi ya ramani, Mwalimu. Ramani huchorwa upya."

Akaandika chini yake: Hesabu, tarehe, jina la mwenye ng'ombe. Jioni akafanya na Tausi. Ndani ya mwezi mmoja alikuwa na pua za ng'ombe wangu wote, na mbuzi mmoja aliyejipenyeza.

Ushirika wetu una shamba la malisho kule nje ya mji, ambako wanachama hupeleka mitamba wao wakue, wapate mimba, kisha warudi nyumbani kuzaa. Tausi na Hesabu walikwenda kwa lori moja, siku moja, kila mmoja na mkanda shingoni wenye namba. Walikaa mwaka na zaidi. Wakarudi pia kwa lori moja, matumbo mbele, wamekua mpaka hatukuwajua. Mchungaji wa shamba akasoma namba za mikanda, akanikabidhi wangu, akavuka na wa Mwalimu.

Tausi alizaa kwanza. Mimi nilikuwa kituoni. Aliyekuwepo ni mume wangu, amelala chali chini ya tangi akifunga bomba la maji ya kunyweshea. Alipotoka chini ya tangi alikuta ndama jike, mbichi, anajaribu kusimama na miguu inamkataa. Akamwinua. Niliporudi nilimkuta yule mtu anayewapenda ng'ombe kwa mbali amekaa kwenye majani, ndama kamlalia mapajani, na fulana yake ya kazi ndiyo iliyotumika kumkaushia.

"Anaitwa Bomba," akaniambia, "na usibishane." Kwa fundi bomba hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Tausi mwenyewe alikuwa ng'ombe wa ndoto. Lita kumi na nane kwa siku, katika uzao wa kwanza! Alisimama kukamuliwa kama anayepigwa picha. Na mimi, Mungu anisamehe, nikawa sishikiki. Kituoni nilisimama mbele ya wenzangu nikiwapa mihadhara. "Siri ni pumba na upole," nikawa nasema, kama niliyegundua jambo. Wakati huohuo, ng'ambo, Hesabu alizaa dume, akatoa lita tisa kwa shida, na kumpiga Mwalimu teke karibu kila asubuhi. Tulikuwa tunasikia ndoo ikigonga ukuta.

"Miaka arobaini nimefundisha hesabu," Mwalimu akaniambia siku moja uani, "na uzeeni hesabu zimenishinda."

Nikamshauri ajaribu pumba na upole. Nikikumbuka natamani ardhi inimeze.

Miezi miwili ikapita hivyo, kisha likaja tangazo. Kila ng'ombe wa mwanachama atavishwa hereni ya plastiki sikioni, yenye namba yake mwenyewe, na namba hiyo itaingia kwenye rejista ya ushirika pamoja na mama yake, baba yake na mwenye mali. Daktari alipita nyumba kwa nyumba kutueleza.

"Maziwa yakionekana na dosari, tutajua yametoka banda gani na kwa ng'ombe yupi. Ukizuka ugonjwa, tutajua nani alilala na nani. Ng'ombe akipotea, namba itamrudisha. Nakuja kwenu Alhamisi. Jazeni fomu vizuri, maana hereni ikishaingia sikioni na namba ikishaandikwa, kubadilisha ni kazi ya miezi."

Fomu alijaza Baba, nani mwingine? Palikuwa na mstari mmoja chini kabisa: alama nyingine za utambulisho. Wengine waliandika "hana" au "pembe moja". Baba alisoma mstari ule kama mtu aliyepokea barua aliyoingoja siku nyingi. Jumatatu akawapiga ng'ombe wote alama za pua upya.

Jumanne niliona mambo hayakai sawa. Aliacha chakula sahanini. Redio haikuwashwa. Alasiri akabeba kasha lake, akavuka kwa Mwalimu, akarudi baada ya nusu saa, akajifungia chumbani.

Jumatano saa sita mchana akaniita. Alikuwa ameiondoa mezani kila kitu, hata kitambaa, na kupanga kadi nne, mbili juu na mbili chini.

"Kaa, mama," akaniambia. Baba huniita mama pale tu jambo linapokuwa zito.

Nikakaa.

"Hii ya juu kushoto ni Tausi akiwa ndama. Hii ya juu kulia ni Hesabu akiwa ndama. Hii ya chini kushoto ni ng'ombe aliye bandani kwako leo. Chukua lenzi. Usiniamini mimi, tazama mwenyewe. Hapa katikati, vinundu vitatu kama mafiga. Unaviona?"

"Naviona."

"Sasa vitafute juu."

Nikavitafuta kwenye kadi ya Tausi. Hakuna. Nikahamia kwenye kadi ya Hesabu. Vikanitazama, vitatu, kama mafiga.

"Labda ulikosea kuandika majina," nikasema.

"Nilifikiri hivyo. Kadi moja ni tuhuma, ndiyo maana jana nilivuka barabara. Ya chini kulia ni ng'ombe wa Mwalimu. Ilinganishe na Tausi wako wa utotoni." Sikuhitaji lenzi. "Mikanda ilibadilishwa kule shambani, mwanangu. Ng'ombe unayemkamua ni wa Mwalimu. Wako ndiye yule anayepiga mateke."

Kwanza nilicheka. Kisha nikakasirika, na kwa kuwa ng'ombe na mkanda hawakuwa karibu, nikamkasirikia aliyekuwepo.

"Baba, nani alikutuma? Nimemwambia mtu namtafuta mwizi humu ndani? Nimemlisha mimi, nimemkesha mimi! Na Bomba je? Unajua mkweo anavyompenda yule ndama?"

"Najua."

"Basi zichome."

Alizikusanya kadi taratibu, akazigonga mezani ziwe sawa. "Miaka thelathini na moja sijachoma kadi," akasema. "Hata ya mtoto wa bosi. Lakini sitakwenda kwa Mwalimu nyuma ya mgongo wako. Shamba ni lako, ng'ombe uliletewa wewe, na mdomo ni wako. Kadi zitakuwa kwenye kasha. Anayezitaka atazikuta."

Akatoka kwenda kuketi barazani, akaniacha na meza tupu.

Sitawadanganya kwamba nilijua mara moja la kufanya. Nilikata majani yasiyohitajika. Nilifagia banda lililokwisha kufagiliwa. Nilimweleza mume wangu aliporudi kula, akaweka kijiko chini, akasema tu, "Ndama je?" Nikamwambia ndama hufuata mama. Akaanza kutafuta hoja kama wakili: pengine pua hubadilika kwa pumba nzuri, pengine Mwalimu ameshamzoea yule wake, na kesho daktari atavisha hereni, na hereni ni serikali, nani atabishana na hereni? Kila hoja aliyotoa nilikuwa nimeshaitoa mwenyewe nikifagia, na nilipoisikia kwa sauti ya mtu mwingine ikanuka.

Saa tisa, wakati nachukua ndoo, Mwalimu akabisha hodi getini. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa, kifundo kimevimba kama yai.

"Mwanangu, leo amenipata barabara. Siwezi kufumba kiganja. Nisaidie kunikamulia, kiwele kimejaa mpaka ananisikitisha."

Nikavuka naye. Ng'ombe alikuwa amefungwa kwenye nguzo, kahawia mtupu, macho ya wanja. Ningependa kusema kwamba nilimtambua, kwamba damu ilinisisimka. Sikumtambua hata kidogo. Alikuwa ng'ombe tu, mwenye hasira. Nikakaa kwenye kigoda, nikamwegemezea paji la uso ubavuni, nikamkanda kiwele kwa maji ya uvuguvugu. Mwalimu alisimama pembeni ameushika mkono wake kifuani kama aliyebeba kifaranga, na bado anajaribu kunichekesha: "Leo amefanya kugawanya. Ndoo kule, mimi huku."

Nikautazama ule mkono. Nikawaza: teke lile lilikuwa langu. Mateke yote ya miezi miwili yalikuwa yangu kwa haki, na huyu mama wa watu alikuwa anayapokea kwa niaba yangu, huku mimi namshauri upole.

"Mwalimu," nikasema, uso wangu bado uko ubavuni mwa ng'ombe, maana nilikosa ujasiri wa kugeuka. "Huyu ni wangu. Wako yuko kwangu. Walibadilishwa mikanda kule malishoni. Baba amelinganisha pua zao."

Maziwa yalikuwa yanagonga ndoo, chwa, chwa. Nikageuka. Mwalimu alikuwa anatabasamu, lakini machozi yanamlengalenga.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Tangu wiki ya kwanza. Wangu, tangu mdogo, nikipiga mluzi hugeuza sikio moja, la kushoto. Huyu hakugeuza kitu. Siku moja nikapiga mluzi huku barabarani, nikaona sikio likigeuka kule bandani kwako."

"Sasa kwa nini ulinyamaza, Mwalimu? Miezi miwili! Umepigwa mateke miezi miwili!"

"Ningekwambia nini? Kwamba mluzi ndio shahidi wangu? Ukienda kwa jirani na tuhuma unarudi na uadui. Ng'ombe hupatikana mwingine, mwanangu. Jirani ninaye mmoja."

Hapo nikalia, sijui kwa aibu au kwa nini. Na ng'ombe wangu wa halali, kana kwamba alikuwa anangoja atambulishwe rasmi, akaipiga ndoo teke, maziwa yote yakanimwagikia mapajani. Mwalimu akacheka mpaka akasahau mkono wake, akapiga makofi, kisha akapiga yowe la maumivu, kisha akaendelea kucheka.

Nilipouliza habari ya maziwa ya miezi ile miwili hakutaka kusikia. "Majani alikata nani? Maji aliteka nani? Na huyu wako amekula kwangu. Toa hapa, ongeza pale, jibu ni sifuri. Nimesahihisha hesabu ngumu kuliko hiyo."

Tuliwabadilisha jioni hiyohiyo, jua bado lipo. Mimi niliongoza mmoja, mume wangu mwingine, tukapishana katikati ya barabara, na mwendesha baiskeli mmoja akasimama kutushangaa. Baba alisimama katikati yetu, kadi mikononi, kama karani wa mahakama. Akashikilia kwamba majina nayo yarudi kwa wenyewe. "Jina linafuata pua," akasema. Kwa hiyo mwenye mateke akawa Tausi, na mtulivu akawa Hesabu, na hakuna kati yao aliyejali.

Bomba alikuwa shida. Mume wangu alimbeba mikononi badala ya kumwongoza, ingawa alikuwa ameshakuwa mzito, na alipofika kwa Mwalimu hakumtua. Akamweleza anavyopenda kukunwa chini ya shingo, na kwamba asipewe maji ya baridi, na kwamba akilia mara mbili ana njaa lakini akilia mara moja anataka mtu tu.

Mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho. "Fundi," akamwambia, "bomba langu la bandani linavuja tangu mwaka jana. Kila jioni litahitaji kuangaliwa."

"Kila jioni?"

"Ni bomba baya sana."

Mpaka leo sijaona hata tone likivuja pale, na hajakosa kwenda hata siku moja. Yule ndama dume tuliyempata badala yake anamkuna kwa mkono mmoja, akiwa anaangalia pembeni, kama mtu anayemsalimia mgeni kwa adabu.

Alhamisi daktari akaja na koleo lake la kuvishia hereni na boksi la hereni za njano. Tausi alisikia koleo likibana, akarusha teke, akakosa buti la daktari kwa upana wa kidole. Baba akasoma namba kwa sauti, tarakimu moja moja, mara mbili, na daktari akaandika. Walipofika kwenye mstari wa alama nyingine, Baba akatoa kadi aliyoikata kwa mkasi iingie palepale, akaibandika kwa gundi.

"Mzee Wino, hii fomu haina nafasi ya picha," daktari akasema.

"Sasa inayo."

Tukamsimulia kisa chote. Mwanzo alicheka, kisha akaacha kucheka, akakaa kwenye lile gunia la pumba na kalamu mdomoni. Mchana akapiga simu shambani kwa mchungaji. Mchungaji, mtu mkweli, akakiri: siku za josho mikanda yote huvuliwa isilowe dawa, hutundikwa kwenye ua, na baadaye kila ng'ombe huvishwa uliopo karibu. Hakujua kwamba ina maana kubwa hivyo. Alidhani ni mapambo.

Wiki iliyofuata gari la ushirika lilikuja kumchukua Baba. Alikuwa amepiga pasi shati, amevaa koti la ofisini ambalo sikuwa nimeliona tangu astaafu, na kasha la bati limewekwa tayari barazani tangu alfajiri. Mitamba wote wa shamba lile walipaswa kupigwa pua, wavishwe hereni, na mmoja mmoja kulinganishwa na kumbukumbu za wenyewe. Mwalimu alikwenda naye kumwandikia rejista, mkono umeshapona. Nasikia walibishana siku nzima kuhusu namna ya kupanga kadi, yeye akitaka kwa namba, Baba akitaka kwa umbo la vinundu, na mchungaji akawa anawachotea maji na kuomba wasimfanye mwamuzi.

Mimi huku nimebaki na Tausi wangu. Sasa anatoa lita kumi na tatu. Mateke yamepungua tangu nilipogundua hapendi kukamuliwa kutoka upande wa kulia, jambo ambalo halikuwa na uhusiano wowote na pumba wala upole. Kituoni sitoi tena mihadhara. Wenzangu wakiniuliza siri ya Hesabu wa Mwalimu, anayefika lita ishirini sasa, nawaambia wamuulize mwenyewe.

Baba alirudi saa kumi jioni siku ile ya kwanza, wino kwenye nyusi, kadi hamsini na mbili kifuani, na njaa ya mtu aliyelima. Alikula sahani mbili. Akawasha redio, akaketi kwenye kiti chake barazani, na kabla taarifa ya habari haijaisha alikuwa anakoroma. Nikamtoa miwani, nikazichukua kadi mapajani mwake, nikaziweka juu ya kabati, mahali ambapo kuku hawafiki.